Fundi wa Iyunga aliyekataa kuniuzia pleti

Naanza na nyota ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Pleti yenyewe, ya chuma chenye uso mgumu wa kroma wa kuzuia kulika, naipa tano, kwa sharti kwamba imewekwa mahali pake. Karakana iliyoichomelea naipa nne. Ile moja iliyopungua inatokana na Alhamisi iliyogeuka Jumatano, na nitafika huko.

Nina kinu cha mawe ya dhahabu njia ya Makongolosi, Chunya. Ni taya moja la kupasua mawe, mkanda mmoja, makarasha manne ya kusaga na loda kuukuu ambayo vijana wameipa jina la Bibi kwa sababu haiwaki asubuhi bila kubembelezwa. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe kwa viroba au kwa tipa, tunapasua, tunasaga, wanaosha dhahabu yao, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanabaki kwangu. Mimi si fundi. Kabla ya kuingia kwenye mawe niliuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa miaka kumi na moja, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kulipa.

Adui yetu Chunya ni kwatzi. Dhahabu inakaa kwenye mishipa ya lile jiwe jeupe, na jiwe lile linachana kioo bila taabu. Sasa chukua tani sitini za jiwe hilo kila siku, zipasue ziwe na ncha, kisha ziteremshe kwenye chuti, yaani ule mfereji wa chuma unaotoa mawe kwenye taya kuyapeleka kwenye mkanda. Chuma cha kawaida cha milimita 8 kilikuwa kinadumu wiki tano. Wiki ya sita kokoto zinatoka ubavuni, kijana anapanda na mashine ya kuchomelea, anaweka kiraka. Kiraka kinatoboka, kinawekwa kingine juu yake. Chuti ikawa kama suruali ya mbeba mizigo. Na kila kiraka ni nusu siku ya kinu kusimama, huku wenye mawe wamekaa juu ya viroba vyao wananitazama.

Miaka miwili iliyopita nilishajaribu pleti ya kroma kwa mara ya kwanza, kwenye karakana nyingine ambayo jina lake nalihifadhi. Sasa nikikumbuka, nadhani pleti waliyoniuzia ilikuwa halali kabisa. Kilichoiua ni mikono. Waliikata kwa gesi kama wanavyokata chuma chochote. Gesi inakata chuma cha kawaida kwa sababu kutu inayozaliwa kwenye moto inayeyuka mapema kuliko chuma chenyewe, oksijeni inaipuliza, njia inafunguka. Kroma inatengeneza ngozi ambayo haiyeyuki hivyo. Moto unabaki kuchemsha na kurarua, na kingo za pleti yangu zilitoka kama mkate uliotafunwa na panya. Kisha wakazishika kwenye chuti kwa rodi za kawaida, wakichomelea juu ya uso mgumu moja kwa moja. Rodi laini ikilala juu ya uso ule inanyonya kaboni na kroma, na mshono unakuwa kama chungu: ukiupiga unapasuka. Wiki ya tatu kipande cha ukubwa wa sinia kiling'oka, kikadondokea kwenye mkanda, mkanda ukachanika mita nne kabla kijana hajafika kwenye swichi. Nilipowapigia simu wakanijibu kwamba mawe yangu ni makali sana.

Basi mwaka jana, mwezi wa sita, dereva wa Fuso anayenibebea dizeli akaniambia kuna mzee Iyunga, Mbeya, upande wa reli. Karakana yake haina kibao. Ina geti la bluu na mbwa mweusi asiyeamka. Mzee amestaafu kazi za reli, anaongea polepole, na akipokea hela yako anasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kama umemletea zawadi.

Swali lake la kwanza lilinikera.

"Mama, hiyo chuti inaumwa nini?"

"Inalika."

"Inalika kwa kusuguliwa au kwa kupigwa?"

Nikamwambia, fundi, kulika ni kulika. Akacheka kidogo, akanivutia stuli, akatoa tupa.

Alichukua kipande cha bomba la kawaida akakipitisha tupa, unga wa chuma ukadondoka. Akapitisha tupa ileile kwenye uso wa pleti ya kroma. Ilipita kama kijiko juu ya kigae, haikuacha hata mkwaruzo. Ugumu wa uso ule, akasema, kwa kipimo cha Rockwell C ni 58 hadi 62, na tupa nzuri iko humohumo, ndiyo maana haipati pa kung'ata. Ukienda kununua popote, nenda na tupa yako. Muuzaji akikukataza kuitumia, rudi nyumbani.

Pleti yenyewe ni vitu viwili vilivyoshikana. Chini ni chuma laini cha kawaida, juu ni tabaka lililochomelewa kiwandani na mashine, mstari kwa mstari, kwa waya wenye kroma nyingi na kaboni nyingi. Yangu inaitwa sita na nne: milimita 6 za chini, 4 za juu. Kwenye lile tabaka kroma inaweza kufika robo hadi theluthi, na kaboni asilimia 4 au 5, ambayo kwa chuma ni nyingi mno. Likipoa, kroma na kaboni zinaungana kuwa punje za kabidi. Mzee alisaga ukingo wa kipande kwa grinda, akaung'arisha kwa msasa laini, akaniambia hata nikikodoa sitaziona bila hadubini, lakini zimo, zimesimama kama mchele kwenye uji mzito. Mimi muuza mchele nilielewa hapo hapo. Kwatzi kwa kipimo kingine cha ugumu, cha Vickers, iko kwenye 1,100 hivi. Punje hizo zinapita 1,500. Jiwe linapoteremka linakutana na kitu kigumu kuliko lenyewe, na safari hii linalochanika ni jiwe.

Alinionya pia kuhusu pleti za tabaka moja na za tabaka mbili. Tabaka la kwanza likichomelewa linachanganyika na chuma laini cha chini, kroma inapungua nguvu, kama rangi nyeupe ya kwanza juu ya ukuta mweusi. Tabaka la pili ndilo linalotoka jeupe. Unene ni uleule kwa macho, lakini bei tofauti na maisha tofauti. Uliza.

Nikalipa nusu, nikalala kwa dada yangu Nzovwe. Kesho yake asubuhi pleti zilikuwa nje kwenye jua, nikaziona vizuri, na moyo ukashuka. Zimejaa nyufa! Nyufa nyembamba kama unywele, zinakatiza kila mstari, kila baada ya upana wa kidole. Nikataka hela yangu. Mzee hakuongeza sauti. Alileta kile kipande cha jana kilichong'arishwa ukingo, akanionyesha kwa ncha ya msumari: ufa unashuka kutoka juu, unafika kwenye mpaka wa chuma laini, unaishia hapo. Ndivyo inavyotakiwa. Tabaka gumu namna ile haliwezi kunywea wakati wa kupoa bila kupasuka, na likikataa kupasuka juu litajikunja au litabanduka. Ubaya ni ufa ukivuka mpaka na kuingia chini, au ukikimbia sambamba na mpaka, maana hapo tabaka linajiandaa kuondoka. Niliangalia kingo zote, pleti kwa pleti, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la karakana na kitenge changu kizuri. Hakuna uliovuka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimepanga pleti tatu: moja ya chuti, moja ya sakafu ya hopa, yaani lile kasha la juu linalopokea mawe, moja ya kufunika meno ya taya. Hela ilikuwa kwenye mkoba. Mzee akaomba picha, nikamwonyesha kwenye simu, tipa ikimwaga mawe kwenye hopa. Akaiangalia video mara tatu.

"Ya chuti nakuuzia. Hizi mbili sikuuzii."

Nilidhani anapandisha bei. Kumbe ndiyo lile swali lake. Kwenye chuti jiwe linateleza, linasugua, na kusugua ndiko pleti hii ilikozaliwa. Kwenye hopa jiwe la ukubwa wa kichwa cha ng'ombe linadondoka mita mbili. Kitu kigumu hivi hakipendi kupigwa. Kinamenyeka vipande vipande, na kila kipande kinaenda kwenye taya na mkanda. Chungu ni kigumu kuliko kapu, akaniambia, lakini vidondoshe vyote viwili tuone.

Meno ya taya ndiyo kabisa usiyaguse. Yale yanatengenezwa kwa chuma cha manganizi, asilimia 11 hadi 14, uvumbuzi wa Mwingereza Robert Hadfield wa mwaka 1882, na ajabu yake ni kwamba kadiri yanavyopigwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Yanataka kupigwa. Ukiyapasha moto ovyo kwa kuyachomelea, yanakuwa dhaifu. (Nyongeza kwa wanaonunua taya za mtumba Tunduma: chuma cha manganizi hakishiki sumaku. Jino la taya likivuta sumaku kwa nguvu, umeuziwa kitu kingine.)

Na hopa? Pale ndipo nilipojua nimefika kwa mtu. Angeweza kuniuzia pleti ya chuma kilichopashwa moto na kupozwa ghafla, aina ya Hardox ya Wasweden, inayovumilia kipigo kuliko hii, na ningelipa. Badala yake akachora kwa chaki sakafuni: vizuizi vitatu vya chuma cha pembe, vimechomelewa kukatiza sakafu ya hopa. Mawe ya kwanza yananasa nyuma ya vizuizi, yanajaza, na kuanzia hapo jiwe linadondokea juu ya jiwe mwenzake. Chuma hakiguswi. Nimelipia vyuma vitatu vya pembe na rodi, gharama ambayo ningeimaliza kwa chakula cha vibarua cha siku mbili. Mpaka leo sakafu ile haijatoboka.

Kukata alikata kwa plazima, mashine inayokata kwa umeme na hewa, akianzia upande wa nyuma, wa chuma laini, ili moto uingie pasipo na kroma kwanza. Pleti ikawa vipande vya sentimita 40 kwa 60. Hesabu ya uzito ni rahisi: chuma cha milimita 10 ni kilo 78 na nusu kwa mita ya mraba, kwa hiyo kila kipande kinakaribia kilo 19, kijana mmoja anakibeba na kukipachika bila winchi. Kipande kimoja kikiisha unabadilisha kimoja, huvunji chuti nzima. Drili haigusi uso huu, usijidanganye. Kwa hiyo katikati ya kila kipande alitoboa matundu marefu kwa plazima, akakilaza kwenye ukuta wa chuti, akachomelea ndani ya tundu, chini kabisa, chuma laini kwa chuma laini, kwa rodi za 7018, zile zinazotunzwa kavu, zilizotoka kwenye oveni. Shimo likikaribia kujaa anabadilisha rodi, anamalizia na rodi ngumu ya kroma ili jiwe lisipate mlango. Viungo kati ya kipande na kipande ni hivyo hivyo: laini chini, ngumu juu.

Ilikuwa Julai, na mliowahi kuamka Mbeya mwezi huo mnajua. Saa mbili asubuhi chuma kimelowa umande kama kimetoka kisimani. Wale wa kwanza wangechomelea tu. Mzee alipitisha moto wa gesi kwanza, polepole, hadi chuma kikakauka na kikawa cha moto kiasi cha kutovumilika kwa kiganja, ndipo akaruhusu rodi. Unyevu ukiingia kwenye mshono, mshono unapasuka baadaye ukiwa umeshasahau.

Hapa nina lawama ya kwanza. Moshi. Vijana wawili walikuwa wanachomelea rodi za kroma ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, mdomoni wana vitambaa. Moshi wa kroma unabeba ile kroma ya namna mbaya inayoleta saratani ya mapafu, hilo halina mjadala. Nilifungua mlango mwenyewe, wakanung'unika, nikawaambia mwanangu angekuwa humu ningemchapa. Jioni niliwanunulia barakoa zenye chujio pale Mwanjelwa. Safari ya pili nilipopita, mmoja alikuwa ameivaa. Mwingine alisema ameiacha nyumbani.

Lawama ya pili ni ile Alhamisi. Nilikodi kirikuu kije kuchukua chuti saa nne. Chuti ilikuwa bado chini, nusu haijavaa pleti. Ijumaa umeme ulikatika. Jumamosi compresa ya plazima ikagoma. Jumapili ni ibada, na mzee ni mwimbaji wa kwaya, hilo hata sikuuliza. Jumatatu alikuwa msibani Tukuyu. Jumatano chuti ikapanda gari. Siku sita kinu kimelala, na simu yake haikupokelewa hata mara moja kati ya hizo siku. Angeniambia wiki mbili tangu mwanzo ningepanga. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Nyota imeondoka hapo.

Tulipanda na chuti mlima wa Kawetire kwenye ukungu, tukaifunga usiku kwa taa za Bibi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa naichungulia kama mtoto mchanga. Uso wake mwanzoni ni mkwaruzo, mistari imeinuka, vumbi linang'ang'ania. Baada ya wiki tatu jiwe lenyewe liliung'arisha ukawa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na mvua za Desemba zilipokuja, tope ambalo zamani lilikuwa linaziba chuti hadi vijana wapande na sururu, likaanza kuteleza lenyewe. Faida hiyo hakuna aliyeniahidi.

Mwezi wa nne tangu tuifunge nikaona dosari. Kipande kimoja cha ukuta wa kushoto kilikuwa kinalika haraka kuliko wenzake, kina vijifereji kama uso wa barabara ya vumbi baada ya masika. Nikampigia mzee, safari hii akapokea, akaja mwenyewe kwa basi. Aliangalia sekunde mbili akashika kichwa. Kijana alikuwa amekigeuza. Mistari ya pleti inatakiwa iende sambamba na mwendo wa mawe. Hapo nyufa zinalala kukatiza njia, mchanga unazivuka tu. Kipande hiki mistari yake ilikatiza, kwa hiyo nyufa zikafuata njia ya mawe, na mchanga wa kwatzi ukapata mifereji ya kukimbilia. Alikikata, akaweka kipande kipya, hakutaka hela. Nilimlipia nauli na tukamlisha ndizi na nyama. Kabla hujalipa bili yako, simama kwenye mdomo wa chuti na uangalie mistari yote inakutazama au inakukatiza. Hauhitaji ufundi kwa hilo.

Leo ni mwezi wa saba tangu tuifunge. Nimepima kwa kalipa mahali panapoumia zaidi, chini kabisa ambapo jiwe linapinda kuingia mkandani: milimita 4 za kroma zimebaki mbili na nusu. Kwingine bado hata milimita moja haijaondoka. Pleti ilinigharimu karibu mara tatu ya pleti ya kawaida ya unene huohuo, ukiweka na uchomeleaji inakaribia mara nne. Katika miezi hiyo saba ningekuwa nimebadilisha chuti ya kawaida mara sita, bila kuhesabu viraka na wale watu waliokaa juu ya viroba.

Mwenye kinu kidogo cha kokoto anayepasua tani kumi kwa siku, au anayepitisha mawe laini, sidhani kama anaihitaji. Milimita 10 za chuma cha kawaida zitamtosha na hela ikanunue mafuta. Lakini wanaochakata marudio, ambao ni mchanga mtupu wa kwatzi unaosugua usiku na mchana, na wenzetu wa kokoto wanaokimbizana na barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, waende wakaone. Wapange siku kumi zaidi ya watakazoambiwa.

Jambo dogo la mwisho, dai mabaki yako. Pleti ikikatwa vinabaki vipande vya upana wa kiganja, na karakana nyingi zinavibakiza kimya kimya. Mzee alivitia kwenye kiroba akanipa bila kuombwa. Mwezi uliopita tulivichomelea kwenye kisigino cha baketi ya Bibi, pale chini inapojikokota kwenye marudio, vimepangwa kama magamba ya samaki. Vimebaki vitatu. Mwenye loda jirani ameshaniuliza bei, nimemwelekeza geti la bluu.